Watatu Watoke, Wawili Waingie

Siku ya Jumanne, muda mfupi kabla ya saa tatu asubuhi, mtu alibisha hodi kwenye Utando akiwa upande wa nje.

Naanza na jambo hili kwa sababu lilitushtua, au niseme lingetushtua kama tungekuwa bado tunashtuka. Utando ni jina rasmi la ukuta unaoizunguka nchi yetu, na ulikuwa umezoea kugongwa kutoka ndani. Mgeni wa kugonga kutoka nje hakuwa ameonekana tangu mvua za mwaka juzi. Koplo Nyambi, mlinzi wa zamu, aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akautazama tena ukuta.

"Labda upepo," alisema.

"Upepo haupigi hodi, afande."

"Hodi jamani! Hodi wenyewe!" sauti ya nje iliita. "Au mmekufa wote humo?"

Koplo alifungua kidirisha cha chuma. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi mama yake Mwaija. Fungua, mwanangu. Nimetembea siku nne, nyayo zimekuwa kama maganda ya muhogo."

Nilichungulia. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, kanga mbili, kikapu begani, ndala moja mguuni na nyingine mkononi. Ya mkononi ndiyo aliyogongea. Alijitambulisha kwa jina la Bi Tunu, kazi yake ukunga.

Bwana Kidulile, mkuu wetu wa lango, alitoka ofisini na kikombe cha chai.

"Huyo anatoka au anaingia?"

"Anaingia, mheshimiwa," nilijibu.

"Kwa hiari yake?"

"Inaelekea hivyo."

Bwana Kidulile alikunywa funda moja, akafikiri. "Mpimeni mafuta," alisema, akarudi ndani.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajawahi kuishi ndani ya seli.

Miaka minne iliyopita kiongozi wetu alialikwa katika shule moja ya sekondari kuzindua choo cha matundu manane. Alipokuwa akisubiri utepe upatikane, aliingia darasani kupumzika, akaona ukutani mchoro mkubwa wa seli uliochorwa na wanafunzi kwa chaki za rangi. Akamuuliza mwalimu wa biolojia: "Huyu wa duara aliyekaa katikati ni nani?"

"Ni kiini, mheshimiwa."

"Anafanya nini?"

"Anatoa maagizo. Wengine wote wanayafuata."

"Hutoka nje?"

"Hatoki, mheshimiwa. Hukaa palepale mpaka mwisho."

Kiongozi wetu aliutazama mchoro ule kwa muda mrefu sana, wanasema, hata utepe ukapatikana na ukapotea tena. Mwezi uliofuata Katiba ilirekebishwa. Yeye akawa Mheshimiwa Kiini. Ukuta wa mpaka ukawa Utando. Wizara ya Uhamiaji ikawa Wizara ya Upitishaji, na maafisa wake wote wakapewa nakala ya kitabu cha kidato cha tatu, sura ya pili, ile inayoeleza namna vitu vinavyoingia na kutoka katika seli. Yaliyomo katika sura hiyo ndiyo yakawa sheria. Mimi nilikuwa nimehitimu biolojia mwaka huohuo, nikaajiriwa langoni, nikaona kwamba kwa mara ya kwanza katika historia nchi imeamua kuongozwa na elimu. Naandika bila kejeli: nililia kwa furaha. Siku zile bado nilikuwa nalia.

Kitabu kinasema utando wa seli umetengenezwa kwa mafuta, na kwamba vitu vinavyoyeyuka katika mafuta hupita moja kwa moja bila kuulizwa. Wizara ilichukulia maneno hayo kwa uzito. Kila mtu anayefika kwenye Utando hubandikwa kipande cha karatasi ya kufungia maandazi kwenye paji la uso. Karatasi ikilowa mafuta hata mwanga ukapenya, mhusika ni mtu wa mafuta: anapitia mlango wowote, wakati wowote, yeye na mizigo yake. Karatasi ikibaki kavu, ni mtu wa maji. Kujipaka hairuhusiwi. Mafuta lazima yatokane na maisha aliyoishi mtu.

Koplo Nyambi alimbandika Bi Tunu karatasi. Tulingoja dakika tano za kisheria. Ilipobanduliwa ilikuwa kavu kama ilivyotoka dukani, isipokuwa vumbi.

"Mtu wa maji," alitangaza Koplo.

"Maji yenyewe sijayanywa tangu jana," alisema Bi Tunu.

Watu wa maji wana lango lao. Linaitwa Lango la Mzunguko, nalo ni chuma cha duara chenye vyumba viwili: kimoja kimeelekea ndani, kingine nje. Likizungushwa, walio ndani hutokea nje na walio nje hutokea ndani. Sheria yake ni moja: watatu watoke, wawili waingie. Hawapungui wala hawazidi. Kitabu kinasema seli hai huwa na pampu inayofanya hivyohivyo mchana kutwa, inatoa chembe tatu na kuingiza mbili, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa umeme wa uhai. Kwa hiyo kila lango linapozunguka, nchi yetu hupungukiwa na mtu mmoja, na vipaza sauti vya mjini hutangaza kwamba nguvu ya taifa imeongezeka.

Kitabu kinasema pia kwamba pampu haifanyi kazi bila chakula. Hilo nalo lilizingatiwa. Lango husukumwa na wanaume wanane, na wanaume hao hawagusi mti wa kusukumia kabla ya kunywa sufuria moja ya uji. Wizara hutoa sufuria moja kwa wiki, kila Jumanne. Ikipita Jumanne lango halijazunguka, uji umekwisha kunywewa, ngojeni Jumanne nyingine.

Sasa hesabu ya siku ile ilikuwa hivi. Nje, mbali na Bi Tunu, alikuwapo Bwana Chande, raia wetu mwema, ambaye wiki tatu nyuma alikuja kumsindikiza mjomba wake. Alikuwa amembebea begi mpaka ndani ya kile chumba, akahesabiwa wa tatu, raia wawili waliokuwa wakingoja kurudi wakaingia, lango likazunguka. Tangu siku hiyo alikuwa amekaa nje akitupigia kelele kwamba ameacha maharage motoni. Yeye na Bi Tunu ni wawili.

Ndani kulikuwa na Mwalimu Kapungu wa kwaya na mkewe, Bi Eliana, waliohukumiwa kuondoka nchini kwa kosa la kuguna hadharani. Hotuba ya Siku ya Utando ilikuwa imeingia saa ya tano, mume akasema "mmh", mke akaitikia "mmh". Hao nao wawili.

Alipungua mtu mmoja wa kutoka.

"Atapatikana," nilimwambia Bi Tunu kupitia kidirishani. "Zamani foleni ya kutoka ilikuwa inafika hadi soko la vitunguu."

"Na sasa?"

"Sasa imepungua."

Imepungua, kusema kweli, hadi kufikia sifuri, ukiwaacha waliohukumiwa. Na sababu yake, nasema haya nikiwa na heshima yote, ni mimi.

Tasnifu yangu ya chuo ilihusu mishipa ya fahamu. Katika sura ya nne nilieleza kwamba ukikanyaga mwiba, mshipa hufungua malango madogo mno, moja baada ya jingine, kila lango likiliamsha la pili yake, mpaka habari ifike kichwani. Ukiyaziba malango hayo, habari hufia njiani. Mwiba upo, damu inatoka, lakini kichwa hakina taarifa. Hali hiyo inaitwa ganzi, na ndiyo inayomsaidia daktari wa meno. Mwishoni mwa sura niliongeza aya fupi: ganzi isidumu, kwa sababu mwili usiosikia maumivu hujiua polepole huku ukiwa umetulia.

Wizara ya Utulivu iliisoma sura ile. Waliipigia mistari miwili kwa wino mwekundu, isipokuwa aya ya mwisho, ambayo ilikuwa ukurasa wa nyuma.

Katika nchi yetu, tangu enzi za mababu, kila nyumba ilikuwa na tundu kwenye ukuta unaopakana na jirani. Kupitia tundu hilo watu walipeana kaa la moto, chumvi, na habari. Mtu akipigwa mtaa wa Kaskazini asubuhi, mtaa wa Kusini ulikuwa unajua kabla ya chai kupoa. Wizara ikatuma mafundi, wakayaziba matundu yote kwa nta. Kazi ilichukua wiki sita. Mwanzoni watu walikosa habari tu. Baadaye miili nayo ikaiga. Mtu alijikata na kisu akaendelea kumenya. Daraja la mto lilipoanguka, watu walisimama ukingoni, wakasema "ah," wakarudi nyumbani. Na foleni ya kutoka ikawa fupi siku hadi siku, kwa sababu anayetaka kuondoka lazima kwanza awe na kitu kinachomuuma.

Nilipata cheti cha pongezi. Kipo.

Bi Tunu alinisikiliza yote hayo akiwa ameegemea kidirisha.

"Ndiyo hilo," alisema. "Mwaija alinitumia salamu kwa mtu wa mwisho aliyetoka. Mtoto wangu ana mimba ya kwanza. Ameniambia, 'Mama njoo, sisikii kitu.' Sikumwelewa. Nikadhani mtoto hachezi."

"Hawasikii uchungu," nilisema. "Wote. Uchungu unakuja, wao hawana taarifa."

"Basi wanazaaje?"

Wizara ina takwimu, lakini haizitoi. "Wengine wanachelewa kujua," nilisema.

Bi Tunu alipitisha mikono yake miwili katika kile kidirisha, akanionyesha, viganja juu, kama mtu anayeonyesha vyeti vyake. "Mikono hii inasikia. Nikimwekea tumboni nitajua mtoto anapokuja, nitamwambia sukuma, atasukuma. Hana haja ya kusikia yeye. Nitamsikilizia mimi. Lakini lazima niwepo. Nitaingia leo?"

Nilihisi huruma. Au kwa usahihi zaidi, nilikumbuka huruma ilivyokuwa.

"Utaingia leo, mama."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

"Haya." Akaenda akaketi juu ya jiwe lililokuwa hatua chache kutoka langoni. "Mimi nipo hapa. Siondoki."

Bwana Kidulile alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kijana," alisema kwa upole, "usimwahidi mtu kitu langoni. Ahadi hutolewa na lango. Sisi kazi yetu ni kusikitika."

Saa tano kamili ulikuja msafara wa mwekezaji. Karatasi haikuhitajika, maana kitabu kinasema kitu kikubwa mno hakipiti mlangoni: seli hujikunja, ikakizunguka, ikakimeza kizimakizima. Askari sitini walitoka mbio na turubai, wakauzunguka msafara wote wa magari, wakafunga kamba juu, trekta ikavuta. Kabla ya hapo Koplo Nyambi alimwamuru Bi Tunu asogee hatua thelathini.

"Usije ukamezwa bila kibali, mama."

Bi Tunu alisogea, kwa kuwa ni mtu anayeheshimu ofisi. Bwana Chande hakusogea, alijirusha kuelekea kwenye turubai akipiga kelele "Maharage yangu!" akavutwa shati na kurudishwa. Mbuzi mmoja aliyekuwa akila majani pembeni hakusogea wala hakujirusha. Turubai lilipofunguliwa upande wa ndani tulimkuta amesimama katikati ya magari saba, pamoja na kibao cha barabara na muuza karanga. Sheria ni kwamba kilichomezwa kimemezwa. Mwekezaji alivishwa shada. Mbuzi aliendelea kutafuna, safari hii shada.

"Kumbe ningezaliwa mbuzi," alisema Bi Tunu, akirudi kwenye jiwe lake.

"Mbuzi naye ana fomu yake," alisema Koplo. "Itajazwa."

Bwana Chande alikaa karibu naye, ameshika shavu. Lilikuwa limevimba. "Hata si maharage, dada," nilimsikia akimwambia. "Ni jino. Niling'olewa mle ndani nikiwa napiga soga, sikusikia kitu. Nilipovuka tu, kabla sijamaliza kugeuka, likaanza. Jino ambalo sinalo! Na goti. Na mambo mengine ya tangu zamani, mke wangu aliyefariki, nikamlilia hapahapa kama amekufa jana. Nataka kurudi. Kule mtu anapumzika."

"Pole," alisema Bi Tunu. "Lakini mke ulimlilia?"

"Nilimlilia."

"Basi umefanya vizuri."

Saa sita tarishi wa Wizara alileta barua yenye jina langu. Ilisema kwamba kwa kutambua mchango wangu wa kitaalamu nimeteuliwa kuwa Mkurugenzi Msaidizi wa Ganzi, kuanzia kesho asubuhi, na kwamba nitapewa nyumba ya vyumba vitatu yenye dirisha linaloelekea kwa Mheshimiwa Kiini. Wasukumaji wote wanane walinipa mkono. Mpishi wa uji aliniambia nisimsahau. Nilikifunua kifuniko cha sufuria kumwonyesha kwamba uji wake unanukia vizuri, nikakishika kwa muda tulipokuwa tukiongea, kisha nikasikia harufu nyingine ambayo haikuwa ya uji. Ilikuwa kiganja changu. Nilikirudisha kifuniko mahali pake.

Niliisoma barua mara mbili. Nadhani nilifurahi.

Kisha nikaenda mjini kutafuta mtu wa tatu.

Nilianzia kwa mng'oa meno wa sokoni, kwa sababu hapo watu hukusanyika. Walikuwa sita kwenye benchi, midomo wazi, wakisimuliana habari za mechi.

"Ndugu zangu," nilisema, "nani anataka kutoka nchini leo? Kuna nafasi moja tu."

Walinitazama kwa adabu.

"Kuna nini huko nje?" mmoja aliuliza.

"Sijui hasa."

"Basi hata hapa hatujui. Kaa, kuna nafasi kwenye benchi."

Nilimkuta mwanaume mmoja akivuka barabara na ubao mdogo umeshikamana na kiatu chake.

"Kaka, una msumari mguuni."

"Eeh. Tangu Ijumaa."

"Hutaki kuondoka?"

Alifikiri kwa moyo safi kabisa. "Niondoke niende wapi, bwana? Huku nimeshazoea kuchechemea."

Niliuliza watu arobaini na mmoja. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenifukuza. Wanne walisema sawa, wakasimama, wakasahau walichosimamia, wakakaa. Katika masomo tulifundishwa kwamba chembe husogea zenyewe kutoka palipojaa kwenda palipo wazi, bila kusukumwa, mpaka pande zote mbili zilingane; baada ya hapo ni kimya. Nilikuwa siku zote nikidhani kimya hicho ni kitu kizuri.

Nyumba ya Mwaija ilikuwa ya tatu kutoka langoni, imeupa Utando mgongo. Nilipita kumwambia mama yake amefika. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu mbele, anapepeta mchele.

"Shikamoo mama Mwaija ameshafika, yuko nje ya lango," nilisema kwa haraka, nikachanganya salamu na habari.

Hakucheka. "Ataingia lini?"

"Leo."

"Mwambie afanye haraka, kaka. Nahisi..." Aliacha kupepeta. "Hapana, sihisi. Lakini sakafu imelowa, na mimi sijamwaga ndoo."

Nilitazama sakafu. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua maji yale ni ya nini. Kulikuwa kumebaki saa moja na nusu kabla ya lango kufungwa.

Kabla ya kurudi langoni nilipitia kwa mama yangu, ambaye huuza maandazi kwenye kona. Alikuwa anayatoa mafutani kwa vidole. Nimemnunulia koleo mara tatu.

"Mama, nikisafiri?"

"Utakula kwanza?"

"Ni safari ambayo sijui kurudi kwake."

"Haya," alisema, akanipa andazi. Kisha, pengine kwa mazoea ya zamani ambayo hayahitaji mishipa, alinifuta unga begani.

"Mama, tumia koleo. Hata kama husikii. Niahidi."

"Haya, baba."

Nilisimama pale hadi nilipomwona akilishika.

Saa kumi na moja na dakika arobaini nilikuwa langoni. Uji ulikuwa umekwisha, wasukumaji wanane wamesimama kwenye mti wao wakilamba midomo. Mwalimu Kapungu na mkewe walikuwa tayari ndani ya chumba cha kutokea, wameshikana mikono kama watu wanaopigwa picha. Upande wa nje, Bi Tunu na Bwana Chande walikuwa wamepangwa katika chumba chao. Bwana Kidulile alikuwa na daftari.

"Bado mmoja," alisema. "Umemleta?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Alitazama nyuma yangu. "Yuko wapi?"

"Mimi."

Mkuu wangu alifunga daftari, akaniita pembeni, kama mtu anayemtaka mgonjwa asisikie habari zake.

"Kijana, wewe una barua."

"Barua haikusema nisitoke."

"Ina nyumba ndani yake. Ina dirisha! Mimi nina miaka ishirini na sita hapa sijapewa dirisha. Ukitoka, kurudi kwako ni mpaka wapatikane watatu wa kutoka na mwenzako wa kuingia naye, na umeona mwenyewe leo. Kwa ajili ya nani? Mama wa mtu."

"Nilimwahidi."

"Mwambie samahani. Hatasikia vibaya, akiingia, baada ya wiki chache atazoea."

"Haingii bila mimi kutoka, mheshimiwa. Ndilo jambo lenyewe."

Bwana Kidulile alikuna kichwa kwa kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajui tena huruma inakaa wapi. "Na ile sayansi yako?" aliuliza mwishowe. "Nani atatufafanulia?"

"Sura ya nne, mheshimiwa. Ukurasa una upande wa nyuma. Ugeuzeni."

Nikaingia katika chumba cha kutokea. Mwalimu Kapungu alinitazama kutoka chini hadi juu.

"Mmh," alisema.

"Mmh," alisema mkewe.

Bwana Kidulile akaandika tatu. Wanaume wanane wakaegemea mti, chuma kikalia, na lango likaanza kuzunguka.

Katikati ya mzunguko vyumba viwili hupishana, vimetenganishwa na nondo tu. Uso wa Bi Tunu ulinijia karibu kabisa, kikapu kifuani, ndala zote mbili mkononi, tayari kwa kukimbia.

"Wewe! Unakwenda wapi tena?"

"Natoka kidogo, mama. Nyumba ya tatu, mkono wa kulia, mlango wa mbao. Maji yameshamwagika."

Alipitisha mkono kwenye nondo, akanishika kiganja, akakigeuza. Mikono yake ilikuwa imekwisha kujua. "Umeungua, mwanangu," alisema. "Vibaya sana. Hukusikia?" Lango likatutenganisha kabla sijajibu.

Bwana Chande alipita nyuma yake. Nilimwona, kupitia mwanya unaofungwa, akishusha mkono kutoka shavuni, uso wake ukilainika polepole kama wa mtu anayepata usingizi. Bi Tunu hakugeuka kunitazama. Nilizisikia nyayo zake zikienda, pa, pa, pa, na nilifurahi hakugeuka, kwa sababu hakukuwa na muda.

Kisha nikawa nje.

Bwana Chande alikuwa amesema kweli: kabla sijamaliza kugeuka. Mkono uliwaka kuanzia kiganjani mpaka bega, nikapiga magoti, nikapiga kelele ambazo sikujua kwamba bado ninazo. Bi Eliana alinimwagia maji ya chupa yao yote. Mumewe alisimama akiimba kitu kwa sauti ya chini, huku machozi yakimtoka, sijui yake yalikuwa ya nini. Kila mmoja wetu alikuwa na maumivu yake ya kumfikia. Kwangu, baada ya mkono, ilikuja zamu ya daraja la mto na watu waliokuwa juu yake. Halafu vidole vya mama.

Ndani, vipaza sauti viliamka. Vilitangaza kwamba leo jioni nguvu ya taifa imeongezeka kwa mtu mmoja, na kwamba Mkurugenzi Msaidizi mpya wa Ganzi atatambulishwa kesho kwa wananchi, waje bila kukosa. Muziki ukapigwa. Ulipokwisha nilitega sikio kwenye Utando, mkono wangu wa kushoto ukiwa umeushika wa kulia. Muda ulipita. Nikaanza kufikiri kwamba ukuta ni mnene mno.

"Sasa!" ilikuja sauti, nyembamba, kutoka upande wa pili. "Sasa, Mwaija! Sukuma! Nasikia mimi, wewe sukuma tu! Sasa!"

Na baada ya "sasa" nyingi, kilio. Kilikuwa kidogo, kikali, cha mtu ambaye ameumia na anataka kila mmoja ajue. Kwa hesabu yangu, ukiacha waliomezwa, nchi ilikuwa imerudi kwenye idadi yake ya asubuhi, ingawa sidhani kama kuna aliyeandika.

Mwalimu na mkewe waliniaga, wakaifuata barabara. Nilikuwa nimechoka, nikatafuta pa kukaa. Palikuwa na lile jiwe tu. Jua lilikuwa limekwisha kuliacha, lakini nilipokaa lilikuwa na vuguvugu la mtu aliyeketi hapo kutwa nzima akingoja. Nililisikia.